Hati Nilizouza Vihingo

Juzi binti wa jirani yangu hapa mtaa wa Sofu, Kibaha, anaitwa Neema, alipita nyumbani akiwa bado na sare yake ya benki. Ameanza kazi mwaka huu, na tangu aanze, kila anayekutana naye anamuuzia kitu. Aliniamkia vizuri, akakaa, akakunjua karatasi ya rangirangi juu ya meza yangu.

"Babu, tuna bidhaa mpya. Unaweka pesa yako, unatulia, kila baada ya miezi sita unapokea. Faida yake inashinda akaunti zote."

"Wewe yako umeweka?"

Akacheka. "Babu naye! Ndiyo kwanza naanza kazi, ya kuweka nitaitoa wapi?"

"Na ukiipata, utaiweka humo?"

Hapo hakucheka. Aliitazama ile karatasi kama aliyeletewa na mtu mwingine. Nilimmiminia chai, tukaongea habari za mama yake na mgao wa maji. Lakini alipoondoka nilibaki nimekaa pale pale mpaka chai yangu ikapoa, kwa sababu swali nililomuuliza si langu. Niliulizwa na mwanamke mmoja wa Vihingo, na niliulizwa nikiwa nimeshachelewa. Ndiyo maana nawaandikia ninyi mnaoanza kazi hii, mkiwa bado mna nafasi ya kulijibu.

Mimi nilimaliza kidato cha nne huko kwetu bara, nikashuka pwani kutafuta maisha, nikaajiriwa karani kwenye benki ndogo ya wananchi hapa Kibaha. Jina lake sitalitaja. Ilishakufa, na waliokuwa na pesa humo hawataki kulisikia. Nilifanya kazi pale mpaka nywele zikageuka rangi. Sikuwa mhasibu wa kusomea. Nilichokijua nilifundishwa na Bi. Felista, mama mmoja mnene aliyetafuna tangawizi mbichi kutwa nzima na ambaye alikuwa na mizania ya benki kichwani kama wengine wanavyokuwa na nyimbo za kanisani.

Wiki yangu ya kwanza alinipa nipange hesabu za siku kwenye pande mbili: huku mali za benki, huku madeni yake. Nikapanga. Nilipomaliza nilijiona mtu. Akaitazama kazi yangu, akaacha kutafuna.

"Anselmi, hii pesa ya mama muuza samaki umeiandika kuwa mali yetu?"

"Ndiyo mama. Si imo kwenye kasiki letu?"

"Basi akija kesho kuichukua, mwambie hivyo hivyo."

Ofisi nzima ilipasuka. Kwa miezi kadhaa nikawa naitwa Mali Yetu. "Mali Yetu, lete stapler." "Mali Yetu, umepigiwa simu." Lakini sijakosea tena jambo lile. Pesa ya mteja ni deni la benki. Mali ya benki ni ile iliyokopesha watu, yaani mali yake kubwa iko kwenye mifuko ya watu wengine, na hapo ndipo penye hofu yote ya kazi hii.

Upande wa madeni Bi. Felista alinifundisha niusome kama foleni. Mbele kabisa wamesimama wenye amana, mama muuza samaki na wenzake. Mwisho kabisa wamesimama wenye benki, yaani wenye hisa. "Mambo yakiharibika," alisema, "kulipa kunaanzia mbele, hasara inaanza kula kutoka nyuma. Ukitaka kujua mtu yuko salama kiasi gani, usimuulize ana kiasi gani. Tazama amesimama wapi."

Nilielewa. Hilo ndilo linaloniuma: nilielewa vizuri sana.

Kabla sijafika huko niwape moja la kuwachekesha, maana lina uhusiano. Nilipopandishwa kuwa afisa mikopo, alikuja mfanyabiashara wa mtaa wa Picha ya Ndege aliyekuwa akifyatua matofali. Wakati huo viwanja vya kule vilikuwa vinakatwa kila siku na kila mtu anajenga. Akaomba mkopo, dhamana ikawa matofali yake. Nikaenda kuyaona. Marundo makubwa, marefu kuliko mimi, yamepangwa kama kuta za ngome. Nikahesabu ubavu, nikahesabu kimo, nikazidisha, nikaandika. Mkopo ukatoka. Aliposhindwa kulipa tukaenda na lori kuchukua matofali. Vibarua walitoa safu ya kwanza, ndani mkawa na majani, udongo, na kuku mmoja anaatamia mayai yake kwa amani. Dereva wa lori alicheka mpaka akakaa chini. "Mzee, dhamana yako imetaga," akasema.

Tangu siku hiyo kila rundo nalizunguka, kisha nalipanda. Nanyi mfanye hivyo. Lakini benki yetu ilikuwa imeshakopesha marundo mengi ya namna ile, na si kwa mkono wangu tu. Mikopo ikaanza kuoza, hailipwi. Na mkopo ukioza, benki inaufuta kwa kumega mtaji wake, ule wa wenye hisa walioko mwisho wa foleni. Mtaji wetu ukasinyaa mpaka wasimamizi wa mabenki wakatuambia tuongeze, la sivyo watatufunga.

Wenye hisa hawakuwa na cha kuongeza. Ndipo meneja wetu akarudi kutoka mjini na dawa. Benki itatoa hati za deni. Anayenunua hati anaikopesha benki kwa miaka kadhaa, analipwa riba nzuri, lakini anakubali jambo moja: benki ikianguka, atalipwa baada ya wenye amana wote. Kwa sababu amekubali kusimama nyuma, sheria inaruhusu pesa yake kuhesabiwa kama sehemu ya mtaji. Tena kulikuwa na taasisi moja ya mjini iliyotukopesha kwa masharti ya namna hiyo hiyo, nayo ikadai iwe mbele ya hati hizi. Kwa hiyo mnunuzi wa hati alikuwa nyuma ya wenye amana, na nyuma ya wale waliokuwa nyuma yao. Baada yake ni wenye hisa tu, na wale walikuwa wameshaliwa.

Sisemi kwamba deni la namna hiyo ni wizi. Mabenki makubwa yanalo, na wanaolinunua ni watu wenye wanasheria wao, wanajua wanachobeba na ndiyo maana wanadai faida kubwa. Ubaya wetu ulikuwa kwamba wenye wanasheria hawakulitaka. Ikabidi tuwapelekee wasio nao.

Meneja alitugawia maeneo. Mimi nilipewa upande wa Kisarawe kwa kuwa nilizoeleka huko. Nilikuwa naenda na pikipiki ya ofisi kupitia Mlandizi kukusanya akiba za wakulima wa korosho na mihogo. Watu wa kule ni Waislamu wa siku nyingi, wapole, na walikuwa na ugumu mmoja ambao maafisa wengine waliukimbia: hawataki riba. Wengi walikuwa na akaunti ya kawaida isiyozaa kitu, basi, wanachotaka ni mahali pa kulaza pesa.

Mmoja wao alikuwa Bi. Zuhura wa Vihingo. Mjane, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi hivi, analima korosho na kuzikaanga mwenyewe. Nguzo za umeme mkubwa zilipita kwenye shamba lake, akalipwa fidia. Fidia ile hakuigusa hata kununua khanga. Kila nikifika nilimkuta na nia ile ile: kwenda Hija. Pesa haikutosha bado, alihitaji iongezeke kidogo, na umri ulikuwa unakwenda.

Nikaona huyu ndiye.

Nakumbuka alikuwa anabangua korosho barazani kwake, vidole vyeusi kwa utomvu. Nikamweleza juu ya hati. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja.

"Anselmi, mimi ni mtu mzima. Sitaki kwenda mbele ya Mola wangu na riba tumboni. Hiyo ni riba?"

"Hapana, Bi. Mkubwa. Akaunti ya muda maalumu ndiyo yenye riba. Hii unaingia na benki kama mshirika. Ikipata, unagawiwa. Ikipata hasara, tunabeba wote."

"Yaani nyie mnafanya biashara, nami nimo?"

"Umo, mama. Ni gawio."

"Nisomee."

Hati ilikuwa kwa Kiingereza. Nikamsomea jina lake, nikamsomea kiasi, nikamsomea tarehe ya kurudishiwa. Katikati palikuwa na aya mbili: ya kwanza ilisema kiwango cha riba ni kile kile kila mwaka, benki ipate isipate, ya pili ilisema amesimama wapi kwenye foleni. Hizo niliziruka kama mtu anavyoruka dimbwi, bila hata kupunguza mwendo. Akaweka dole gumba.

Wangapi walinunua baada yake kwa sababu Bi. Zuhura amenunua! Yeye ndiye aliyekuwa anawafundisha watoto wa kitongoji kile Kurani. Kama ameuliza na akaridhika, nani mwingine aulize? Nilirudi Kibaha nikapigiwa makofi kwenye kikao. Meneja akaniambia nimegundua lugha ya watu wa kule.

Bi. Felista hakupiga makofi. Alikuwa amebakiza miezi michache astaafu. Aliningoja kwenye korido.

"Umewaambia wako nyuma?"

"Nimewaambia hasara tunabeba wote."

"Sikukuuliza hilo. Umewaambia wako nyuma ya mama muuza samaki?"

"Mama, benki hii haifi."

"Wala sikukuuliza kama inakufa," akasema, akatia kipande cha tangawizi mdomoni, akaenda zake.

Miaka iliyofuata ilikuwa mizuri, na ndiyo mibaya zaidi nikiikumbuka. Kila nusu mwaka nilipeleka malipo Vihingo. Bi. Zuhura alipokea kwa mikono miwili, akanifungia korosho kwenye gazeti, akaniombea dua. Alinunulia sukari ya futari, akamsomeshea mjukuu, akakarabati paa. Kila aliponiombea dua niliitikia amina, mimi Mkristo, na nilikuwa nimemlisha kitu kile kile alichoniambia kwa mdomo wake kwamba hakitaki.

Kisha benki ikafa. Haikufa kwa kishindo. Asubuhi moja wasimamizi walikuja na gari, wakaingia, wakabandika tangazo mlangoni. Watu walijaa nje mpaka barabarani, akina mama wanalia, wengine wanagonga geti. Mimi nilisimama juu ya ngazi nikawaambia watulie, amana zao zinahamishiwa benki nyingine, hakuna atakayepoteza. Ilikuwa kweli. Baada ya muda si mrefu wote walipata, mpaka senti. Mama muuza samaki alinikumbatia mbele ya watu.

Hati zilibaki kwa mfilisi. Yaani mtu aliyepewa kazi ya kukusanya mabaki ya benki, kuuza kinachouzika, na kulipa kwa kufuata foleni.

Ningeweza kupiga simu Vihingo. Namba ninayo. Siku kadhaa niliishika simu nikaiweka. Mwishowe nilikodi pikipiki nikaenda. Nilimkuta pale pale barazani. Hakuwa anabangua kitu.

"Shikamoo, Bi. Mkubwa."

"Marahaba. Nimesikia redioni. Nilikuwa najiuliza kama utakuja au utapiga simu." Akanisogezea kigoda. "Kaa. Sema."

Nikasema. Safari hii sikuruka kitu. Nilimchorea foleni yote kwa kidole kwenye vumbi la baraza: hawa wenye amana, kisha ile taasisi ya mjini, kisha wewe. Alinifuata kwa makini.

"Ni kama mirathi," akasema. "Mtu akifa anazikwa kwanza, halafu madeni yake, halafu wasia, halafu warithi."

"Ni kama hivyo, mama."

"Sasa mimi ni mrithi au ni mdai?"

"Mdai. Ila wa mwisho."

"Wa mbele yangu wamelipwa?"

"Wenye amana wote wamelipwa."

Kuku akapita juu ya mchoro wangu, akafuta taasisi ya mjini.

"Na wewe, Anselmi? Ya kwako ulikuwa umeiweka wapi?"

Vijana, hili ndilo swali. Meneja alituhimiza wafanyakazi nasi tununue hati. Mimi nilisingizia ada za watoto. Akiba yangu yote ilikuwa kwenye amana ya kawaida, mbele ya foleni, karibu na mama muuza samaki, na nilikuwa nimeshaipata.

"Kwenye amana," nikasema.

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Nikaona uso wake unabadilika, na si kwa sababu ya pesa.

"Umesema mimi ni mdai."

"Ndiyo."

"Siyo mshirika."

Nikaufuta kwa kiganja mchoro uliobaki.

"Mdai anayelipwa zaidi ya alichokopesha, kwa kiwango kile kile kila mwaka, anakuwa anakula nini, Anselmi? Pesa imepotea, sawa, pesa hupotea. Miaka yote ile umenilisha nini? Nimefuturu kwa nini? Mimi nilikuuliza! Sikukuuliza?"

"Uliniuliza, mama."

"Ukanijibu nini?"

Nikarudia maneno yangu yote, neno kwa neno, pale barazani. Sijawahi kubeba mzigo mzito kama ule. Alipomaliza kuyasikia alisimama akaingia ndani. Nilidhani hatatoka. Akatoka na kikombe cha maji, akanipa, kwa sababu nilikuwa nimetoka mbali na jua lilikuwa kali. Kisha akaniambia, "Jumamosi uje uwaeleze wenzangu. Kwa mdomo ule ule."

Nilikwenda. Walijaa barazani na uani. Nilieleza nikiwa nimesimama. Mwanamume mmoja aliyeuza mkaa aliniuliza, "Wewe si ndiye uliyesema hasara tunagawana? Haya, sehemu yako iko wapi tuione?" Watu wakacheka kile kicheko kisicho na furaha. Nilistahili. Niliwaambia nina kiwanja Picha ya Ndege, nitakiuza. Nilipobaki na Bi. Zuhura nikamwambia fedha ya kiwanja kile nataka impeleke yeye Hija.

Alinitazama kama mtoto aliyesema upuuzi mbele ya wageni.

"Unipeleke Makka kwa majuto yako?"

"Nataka kulipa, mama."

"Mimi siendi kwa majuto ya mtu. Hija ni ya mwenye uwezo. Uwezo wangu umechukuliwa, sikuutupa. Mola anaijua tofauti. Kiwanja chako uza, wape hao wenye watoto wadogo. Mimi nina hesabu yangu nyingine."

Kiwanja nilikiuza. Hakikufika mbali, kila mmoja alipata kidogo, na muuza mkaa alipokea bila kunishukuru, akafanya vizuri.

Hesabu nyingine ya Bi. Zuhura niliielewa baadaye. Nilikuwa nimeshastaafu. Kila mfilisi alipotoa taarifa nilikwenda Vihingo kuieleza, hata kama taarifa yenyewe ilikuwa kwamba hakuna taarifa. Mwanzoni waliniacha nisimame. Baadaye wakanipa kigoda. Miaka ikapita, marundo ya matofali ya benki yakauzwa pamoja na kuku wake, taasisi ya mjini ikalipwa, na siku moja tangazo likatoka kwamba wenye hati watapata sehemu. Sehemu ndogo ya walichoweka. Nilimpelekea Bi. Zuhura habari nikidhani atafurahi japo kidogo.

Akaniambia, "Kaa unipigie hesabu. Zile ulizokuwa unaniletea kila nusu mwaka, zote jumla ni kiasi gani?"

Nikapiga. Nikamtajia.

"Na hii wanayolipa sasa?"

Nikamtajia. Zilikuwa karibu sawa. Hii ya sasa ilizidi kidogo tu.

"Alhamdulillahi," akasema, na alimaanisha. "Basi inatosha."

"Inatosha nini, mama? Kwa Hija haifiki hata nusu."

"Kuitapika ile. Nimemuuliza sheikh. Amesema niitoe yote, sawa na niliyokula, kwa jambo la manufaa ya watu, wala nisitazamie thawabu yake. Si sadaka. Ni kujisafisha."

Akanyoosha kidole kuelekea gulioni. Kama mmewahi kufika gulio la pale mnajua lilivyokuwa. Akina mama wanafika alfajiri na mihogo na mananasi, wanakaa mpaka jioni, na choo hakuna. Wakibanwa ni kuingia kwenye mikorosho na kuangalia huku na huku. Wengine hawanywi maji siku ya gulio. Bi. Zuhura alikuwa mmoja wao kwa miaka mingi.

"Choo," nikasema.

"Choo. Unaona kinachofaa kuliko hicho kwa pesa ile?"

Akaanza kucheka. Nami, Mungu anisamehe, nikacheka. Kisha nikamwomba jambo: aniruhusu nilipe bati na milango. Nilidhani atanikatalia kama alivyonikatalia Makka. Alifikiri.

"Bati na milango lipa wewe," akasema. "Shimo nalipa mimi. Lile niliingia mwenyewe."

Kilijengwa. Upande wa wanawake na upande wa wanaume, na pipa la maji. Fundi aliuliza aandike nini ukutani, maana watu wanapenda kuandika aliyefadhili. Bi. Zuhura akamwambia aandike Wanawake na Wanaume, inatosha. Kile kidogo kilichozidi alinunulia sukari, na akaninywesha chai yake. Hakuna karatasi ya benki yoyote itakayowaonyesha choo hicho, lakini kila ninapokiona naijua mizania yake, upande huu na upande ule.

Nawaambia ninyi mlio kazini sasa, nami sina cheo cha kuwaamrisha. Mtapewa malengo. Mtaambiwa mmegundua lugha ya watu. Mtu akikuuliza swali moja tu, na swali hilo ni la moyo wake, mjibu hilo hilo kwanza, hata kama jibu litakufanya urudi ofisini mikono mitupu. Msomee na aya za katikati. Na jioni ukifika nyumbani jiulize pesa yako ameiweka nani mbele na ya yule mama ameiweka nani nyuma. Mimi nilijua, nikanyamaza, na mshahara ukaingia.

Mwezi uliopita nilikwenda Vihingo siku ya gulio. Hakukuwa na taarifa ya mfilisi, alishafunga faili lake. Nilikwenda tu. Njia ilikuwa mbovu, pikipiki imenirusharusha tangu Mlandizi, na mzee wa umri wangu akirushwa vile anafika akiwa na haja moja tu. Nikavuka gulio moja kwa moja kuelekea kwenye milango yangu. Bi. Zuhura alikuwa ameketi nyuma ya meza yake ya korosho, miwani puani, ananitazama.

"Anselmi! Hata salamu?"

"Shikamoo, Bi. Mkubwa. Nimebanwa."

"Marahaba. Hao waliosimama pale unadhani wanaota jua?"

Upande wa wanaume kulikuwa na foleni ndefu. Muuza nyanya mmoja akanihurumia. "Mzee, pita mbele, pita."

"Mwacheni," akasema Bi. Zuhura, kwa sauti ya kusikika gulio zima. "Huyo anaujua utaratibu kuliko nyote. Anselmi, mwisho ni kule."

Gulio likaangua kicheko, hata wasiojua lolote. Muuza mkaa naye alikuwepo, amesimama mwisho kabisa, akajisogeza kidogo kunipa kivuli chake. Nikaenda nikasimama nyuma yake. Kule mezani Bi. Zuhura alikuwa bado anacheka, amevua miwani anafuta machozi, akicheka kama alivyokuwa akicheka zamani kabla sijamsomea hati.

Nikangoja zamu yangu.